Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Jinsi Tamthilia Iliyokatwa Ilivyorudi Kama Filamu

Hotuba kwa waandishi wa skripti na watayarishaji wa filamu. Tunaiweka hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha za ukutani tumeziacha.

Waandishi, watayarishaji, waongozaji, wahariri, na nyinyi wanafunzi mliojaza viti vya nyuma: shikamooni wakubwa zangu, habari zenu wenzangu.

Nianze na swali. Hadithi ikikatwa katikati, inabaki mali ya nani? Ya kituo kilichoilipia? Ya aliyeiandika? Au ya yule aliyekuwa akikaa mbele ya runinga kila Ijumaa akiisubiri, hadi Ijumaa moja akawasha asiione tena?

Mnajua inavyokuwa. Simu inapigwa kutoka kituoni, seti inabomolewa, mavazi yanarudi stoo, waigizaji wanatafuta riziki kwingine. Mtazamaji anabaki na maswali mkononi kama mtu aliyeachwa na basi. Karibu kila mara mambo huishia hapo. Leo nazungumzia mara moja ambayo hayakuishia hapo, kisa cha Marekani, kwa sababu tarehe zake na hesabu zake zinajulikana, na kwa sababu ufundi uliotumika unaweza kushikwa mkononi, ukageuzwa na kutazamwa pande zote.

Tamthilia inaitwa Firefly, yaani kimulimuli. Aliibuni Joss Whedon, na kituo cha Fox kikaanza kuirusha tarehe 20 Septemba 2002. Ni mwaka 2517. Wanadamu wameihama Dunia na kutapakaa katika sayari na miezi ya mbali. Vita vimepiganwa, na serikali kuu, Alliance, imeshinda. Nahodha Malcolm Reynolds, wenyewe humwita Mal, alikuwa upande ulioshindwa. Sasa ana chombo kikuukuu cha mizigo, Serenity, alichokipa jina la bonde ambako jeshi lake lilivunjwa. Hubeba chochote, cha halali na cha magendo. Wamo watu tisa. Msifikirie vyombo vya anga vinavyong'aa kama kioo. Fikirieni jahazi la mizigo: injini ya kubembelezwa, jiko la pamoja, na nahodha anayehesabu kama mafuta yatamfikisha.

Sasa sikilizeni jinsi hadithi inavyouawa bila mtu kukusudia kuiua.

Whedon alitengeneza sehemu ya kwanza ya saa mbili. Ilikuwa na vita, ilikuwa na watu tisa wakiingia mmoja mmoja, na ilikuwa na daktari kijana Simon Tam akipanda na sanduku, ndani ya sanduku dada yake River akiwa amelazwa usingizi wa barafu. Fox hawakuridhika nayo. Wakataka sehemu nyingine ya kufungulia, yenye mwendo zaidi. Whedon na mwenzake Tim Minear wakaiandika kwa wikiendi moja, kisa cha wizi ndani ya treni, na hiyo ndiyo iliyorushwa kwanza. Ile ya saa mbili, mlango wa nyumba, ilirushwa tarehe 20 Desemba 2002, ikiwa ya mwisho kabisa. Nasema tena, ya mwisho kabisa! Mtazamaji alikaribishwa ndani siku ambayo nyumba inafungwa.

Ongezeni kwamba ilikuwa inarushwa Ijumaa usiku, wakati vijana walioitengenezewa wametoka. Ongezeni kwamba baadhi ya wiki nafasi yake ilichukuliwa na mechi za besiboli. Sehemu 14 zilitengenezwa, 11 zikaonekana. Wastani wa watazamaji ulikuwa takriban milioni 4.7, na kwa vipimo vya Marekani vya wakati ule hiyo ilikuwa nafasi ya 98 katika msimu. Ikakatwa.

Ndugu waandishi, shikeni hili la mpangilio, kwa sababu ndilo tutakalorudi kwake. Tamthilia ya watu tisa haina nafasi ya kumkosa mtazamaji katika dakika ishirini za kwanza. Huyu ni mke wa nani? Huyu mchungaji anafanya nini kati ya wahalifu? Yule binti mbona anapiga kelele usingizini? Kila swali ambalo mtu alipaswa kujibiwa mlangoni, alilikuta sebuleni. Wengine walivumilia. Wengi walibadilisha chaneli, na siwalaumu.

Ikafufukaje? Mashabiki walijiita Browncoats, makoti ya kahawia, jina la wapiganaji walioshindwa katika hadithi yenyewe. Walichanga fedha wakaweka tangazo katika Variety, gazeti la watu wa filamu na runinga. Walituma postikadi kwa kituo cha UPN wakikiomba kiichukue tamthilia. Hakuna kituo kilichoichukua. Nalisema hili wazi kwa sababu kuna hadithi tamu inayopita mitandaoni kwamba kelele za mashabiki zilitosha. Hazikutosha.

Vitu viwili ndivyo vilivyofanya kazi. Whedon alikataa mradi uzikwe, akautoa kwenye runinga akaupeleka kwenye filamu, na huko Universal mkuu mmoja wa studio, Mary Parent, akazitazama zile sehemu na kuziamini. Kisha tarehe 9 Desemba 2003 ikatoka seti ya DVD. Humo sehemu zote 14 zilikuwemo, zikiwemo zile tatu ambazo hazikuwahi kurushwa, na zilipangwa kwa utaratibu aliokusudia mwandishi. Mlango ukarudishwa mahali pa mlango. Nakala kama laki mbili ziliuzwa katika miezi michache ya kwanza, na kufikia Septemba 2005 zilikaribia laki tano. Hadithi ni ile ile, waigizaji ni wale wale, kilichobadilika ni mpangilio. Studio inaelewa lugha ya kilio cha shabiki, lakini inaelewa zaidi lugha ya risiti.

Jambo moja la haki miliki, nilipitie haraka. Jina Firefly lilibaki kwa Fox. Ndiyo maana filamu inaitwa Serenity, kwa jina la chombo. Ukiuza wazo lako kwa kituo, soma mkataba uone nani anabaki na jina, nani na haki za runinga, nani na haki za filamu. Hizo ni haki tatu tofauti, na zinaweza kulala katika nyumba tatu tofauti.

Sasa twende jikoni, kwenye uandishi. Hapa nitakaa, naomba mnivumilie.

Skripti ya kwanza ya Whedon ilikuwa na kurasa 190. Alitaka kujibu kila swali lililoachwa na tamthilia, kila uzi, kila jeraha. Mtayarishaji wake, Barry Mendel, akamwambia apunguze. Mnajua kanuni ya kazi yetu: ukurasa mmoja ni kama dakika moja. Kurasa 190 ni filamu ya saa tatu na dakika kumi. Filamu iliyotoka ina dakika 119. Kwa hiyo kurasa kama sabini, zaidi ya theluthi ya alichoandika, hazikuingia. Unaamuaje kipi kibaki?

Wahenga walishatuambia: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwandishi wa filamu ya namna hii ana watu wawili mlangoni. Kuna mwenyeji, aliyezitazama sehemu zote 14 na kuzikariri. Kuna mgeni, aliyenunua tiketi kwa sababu mvua inanyesha na filamu nyingine imejaa. Ukimwandikia mwenyeji peke yake, mgeni anakaa kama mtu aliyeingia kwenye kikao cha ukoo wa watu. Ukimwandikia mgeni peke yake, mwenyeji anasimuliwa maisha yake mwenyewe kwa dakika arobaini. Inabidi mgeni aelezwe kwa namna ambayo mwenyeji naye anapata kitu kipya.

Whedon alifanyaje? Tazameni dakika za mwanzo. Sauti inaeleza historia: Dunia iliisha nafasi, sayari zikapatikana, vita vikapiganwa. Unadhani ni msimulizi wa kawaida wa filamu. Kumbe ni mwalimu darasani, na mwanafunzi anayembishia ni River akiwa mtoto. Unadhani ni kumbukumbu ya utoto. Kumbe ni ndoto, na River ni binti mkubwa aliyefungwa kwenye kiti cha maabara, akichomwa sindano kichwani. Kaka yake anamtorosha. Unadhani unatazama utoro wenyewe. Picha inaganda, na anapita katikati yake mtu mmoja mtulivu, wakala wa serikali asiye na jina, anayechezwa na Chiwetel Ejiofor. Kumbe ulikuwa unatazama rekodi anayoichunguza yeye.

Mmeona? Boksi ndani ya boksi ndani ya boksi. Mgeni amepewa historia ya ulimwengu mzima, ameujua ukatili wa serikali, amejua kwa nini binti anasakwa, na amekutana na adui. Mwenyeji naye kila anapodhani amesimama mahali anapopajua, sakafu inasogea. Hakuna aliyefundishwa na hakuna aliyechoshwa.

Alilipa gharama, lakini. Katika tamthilia, Simon alikuwa amesema alilipa watu wa siri wamtoe dada yake. Katika filamu anaingia maabara mwenyewe. Mashabiki waliliona siku ya kwanza, wakalijadili kwa miaka. Je, ni kosa? Kwa maoni yangu ni uamuzi sahihi. Mgeni anahitaji kuuona upendo wa kaka ukitenda, na mtu aliyelipa fedha akasubiri nyumbani hauonyeshi. Mwendelezo wako ukigombana na sini bora, pima kwa uaminifu. Ila usivunje ovyo: Whedon alivunja mahali penye faida kubwa. Ukivunja mara kumi, mwenyeji anaacha kuamini kwamba kuna nyumba.

Baada ya maboksi hayo inakuja shoti ambayo kila mwanafunzi humu ndani anapaswa kuitazama mara tano. Chombo kinaingia kwenye anga la sayari, bamba linang'oka na kuruka. Kamera inaingia kwenye chumba cha rubani, na kutoka hapo inamfuata Mal chombo kizima kwa zaidi ya dakika nne. Tunamwona Wash, rubani, akiwa na vidubwasha vyake vya dinosaria mbele ya usukani. Tunamwona Jayne, mtu wa bunduki, akitaka mabomu ya mkono. Zoe, msaidizi wa nahodha na mke wa rubani. Kaylee, fundi, katika chumba cha injini. Simon anayegombana na Mal ngazi hadi ngazi. Mwishoni River, peke yake, tayari anajua kinachokuja.

Hesabuni kazi zilizofanywa na shoti hiyo moja. Watu saba wametambulishwa kwa kazi zao na kwa ugomvi wao. Ramani ya chombo imechorwa kichwani mwa mtazamaji, hata pambano likija baadaye hapotei. Ubovu wa chombo umejulikana. Na wale dinosaria? Mgeni anaona rubani mcheshi. Mwenyeji anakumbuka siku aliyokutana nao mara ya kwanza. Hicho ndicho kipimo cha salamu kwa mashabiki: isimgharimu mgeni hata sekunde moja.

Shoti yenyewe ina mshono. Seti ya chombo ilijengwa vipande viwili, sehemu ya juu mbali na sehemu ya chini. Kwa hiyo mwigizaji hawezi kushuka ngazi akatokea chini kweli. Kamera inageuzwa kwa kasi, picha inafifia kwa mwendo, na hapo ndipo vipande viwili vinapounganishwa. Ukitaka kuiga mbinu hii nyumbani, kuna vitu vitatu vinavyoharibu mshono: mwanga wa pande mbili usiolingana, kasi ya kamera isiyofanana kabla na baada, na mwigizaji anayeanza upande wa pili akiwa ameshapumzika, pumzi imemrudia. Mwambie akimbie kidogo kabla hujasema anza.

Fundo kubwa la skripti ni hili. Tamthilia iliacha maswali mawili makubwa. Kwa nini serikali inamsaka River kwa gharama yote ile? Na Reavers, wale watu waliogeuka kuwa zaidi ya wanyama, wanaovamia vyombo na kuwala watu wakiwa hai, walitoka wapi? Katika runinga ungejibu swali moja msimu wa pili na jingine msimu wa nne. Katika dakika 119 huna misimu. Whedon akayafunga maswali yote mawili kwa jibu moja. Kuna sayari iitwayo Miranda. Serikali ilitia dawa, Pax, kwenye mitambo ya hewa ili watu wawe wapole. Wakawa wapole mno. Wakaacha kufanya kazi, wakaacha kuzungumza, wakaacha kula. Watu milioni 30 walijilaza wakafa. Sehemu moja kati ya elfu, kama watu elfu thelathini, dawa iliwafanyia kinyume: hao ndio Reavers. Na River, ambaye husoma mawazo ya watu, aliwahi kuletwa mbele ya wakubwa wa bunge walioijua siri hiyo.

Jibu moja, maswali mawili! Ukifupisha misimu kuwa filamu usiulize nitaondoa nini kwanza. Uliza ni nyuzi zipi mbili zinaweza kuwa uzi mmoja. Andika kila swali lililobaki kwenye karatasi yake, uyatandaze mezani, uyapange mawili mawili. Mengi hayatashikana, na hayo ndiyo ya kuacha.

Asiyeitazama filamu anisamehe kwa ninalolisema sasa. Mchungaji Book anakufa. Kisha Wash, rubani, akishatua chombo kilichovunjika kwa ustadi ambao hakuna mwingine angeuweza, wote wakiwa ndiyo kwanza wameshusha pumzi, mkuki wa Reavers unapita kwenye kioo na kumchoma kifuani. Hakuna hotuba ya kuagana. Hakuna muziki wa kutuandaa. Mkewe anavutwa kutoka kwenye kiti kwa sababu mkuki wa pili unakuja.

Mashabiki waliumia, na wapo wasiosamehe hadi leo. Lakini angalieni kinachofuata: Zoe anajeruhiwa mgongoni, Kaylee anapigwa sindano za sumu, Simon anapigwa risasi. Katika filamu nyingine ungekaa ukijua watapona. Hapa hujui. Mwenyeji aliyekuwa na uhakika kwamba watu wake tisa wako salama amenyang'anywa uhakika huo, na kwa dakika ishirini zinazobaki yeye na mgeni wanaogopa sawasawa. Kifo kile kiliwaweka kwenye kiti kimoja.

Twende kwenye fedha, na hapa nawaomba watayarishaji wakae vizuri.

Bajeti ilikuwa takriban dola milioni 39, na siku za kushuti zilikuwa kama 50, kuanzia Juni hadi Septemba 2004. Gawanyeni: dakika 119 kwa siku 50 ni karibu dakika mbili na nusu za filamu iliyokamilika kila siku. Kwa filamu ya anga, yenye mapambano na milipuko, huo ni mwendo wa mbio. Sasa rudisheni zile kurasa 190 kwa mwendo huo huo: mngehitaji siku 80. Kalamu ya Mendel iliokoa mwezi mzima wa kushuti kabla kamera haijawashwa. Pa kuokoa fedha ni kwenye karatasi. Kwenye seti umeshachelewa.

Seti ya runinga ilikuwa imeshavunjwa, kwa hiyo chombo kilijengwa upya kutoka chini. Mafundi walitumia picha zilizogandishwa kutoka kwenye DVD za tamthilia ili kupata vipimo na sura ya kila kona. Mnaotengeneza tamthilia sasa hivi, sikilizeni: pigeni picha za seti zenu kila pembe, na rula au mtu amesimama kando kwa ajili ya kipimo, siku ile ile inapokamilika. Andikeni rangi ya ukuta kwa namba ya kopo lake. Kazi ya saa mbili. Wenzetu walikuwa na bahati kwamba DVD ilikuwepo.

Halafu lile pambano la gari linaloelea. Mal na wenzake wanakimbia na Reavers wako nyuma yao. Gari halina magurudumu, linapaa karibu na ardhi. Njia ya kawaida ingekuwa kuliweka studio mbele ya kitambaa cha kijani, halafu kompyuta ichore jangwa. Ni ghali, na kila fundi anajua kinachokwenda kombo: jua la studio halihami kwenye uso wa mwigizaji gari linapokata kona, nywele hazipeperuki kwa upepo mmoja, vumbi halimwingii mtu machoni. Kampuni ya Zoic, iliyofanya picha za kompyuta, ikaja na njia nyingine. Waliunda trela yenye mkono mrefu wa chuma unaochomoza, wakalifunga gari kwenye mkono huo, wakaliburuta kwenye barabara ya kweli, Templin Highway, kaskazini ya Santa Clarita huko California. Waigizaji wanaelea kweli, jua ni la kweli, hofu kwenye nyuso zao ina upepo ndani yake. Kompyuta ikabaki na kazi ndogo, ya kufuta mkono wa chuma na kuweka kilichopungua.

Wakati fulani tunadhani filamu za anga hatuziwezi kwa sababu hatuna kompyuta kubwa. Tazameni tena sini ile. Nusu ya uchawi ni kuchomelea vyuma, na wachomeleaji hatujawakosa.

Sasa nifike mahali panaponiuma. Filamu iliuzwaje, na kwa nini haikujaza kumbi?

Universal waliwategemea mashabiki. Mei 5, 2005 wakaionyesha mapema katika miji 10, kazi ya uhariri ikiwa haijamalizika. Mei 26 ikawa miji 20. Juni 23 ikawa miji 35. Tiketi ziliisha haraka ajabu. Uzinduzi ulikuwa Agosti 22 katika tamasha la filamu la Edinburgh, na Septemba 30 filamu ikatoka rasmi Marekani. Wikiendi ya kwanza iliingiza takriban dola milioni 10.1 na kushika nafasi ya pili. Marekani nzima, hadi mwisho, iliingiza kama milioni 25.5. Dunia nzima, karibu milioni 40.

Chukueni kalamu tupige hesabu pamoja. Wastani wa bei ya tiketi Marekani mwaka 2005 ulikuwa dola 6.41. Mkichukua wote walionunua DVD, laki tano, kila mmoja akaenda mara moja, mnapata dola milioni 3.2. Hao ndio wale waliojaza kumbi za maonyesho ya mapema, walioshona makoti ya kahawia, walioandika barua. Milioni 3.2! Ukiwaona ukumbini unadhani ni bahari. Kwenye daftari la studio ni kisima.

Endeleeni. Milioni 25.5 gawanya kwa 6.41, unapata kama tiketi milioni nne. Sasa kumbukeni: tamthilia ilikatwa ikiwa na watazamaji milioni 4.7 kwa wiki. Mnaona kilichotokea? Filamu ilipata watu karibu wale wale kwa idadi, tofauti ni kwamba safari hii walilipa. Kwa runinga walikuwa wachache mno, na kwa sinema walikuwa wachache mno. Na kwa hesabu ya jumla kumbi hubakiza karibu nusu ya pesa ya tiketi, kwa hiyo katika milioni 40 studio ilipata kama nusu, kabla haijalipa matangazo. Bajeti peke yake ni milioni 39.

Wapo wanaosema maonyesho ya mapema yaliila wikiendi ya kwanza, kwamba shabiki ameshaitazama Mei, kwa nini alipe tena Septemba? Sikubaliani nao sana. Mashabiki wa namna ile hurudi na binamu zao. Tatizo ni kwamba skripti ilimwandikia mgeni kwa ustadi, lakini tangazo lilimwita mwenyeji. Mgeni hakujua kwamba mlango uko wazi. Jina Serenity, utulivu, halimwambii mtu barabarani kwamba kuna chombo, kuna kufukuzana, kuna kucheka. Kazi yote ile ya maboksi ndani ya maboksi ilifanywa kwa ajili ya mtu ambaye hakupelekewa kadi ya mwaliko.

Tuzo ilipata. Mwaka 2006 ilitwaa Hugo kwa filamu bora, na skripti yake ikatwaa Nebula, zote mbili tuzo za hadithi za kisayansi. Filamu ya pili haikuja. Hadithi iliendelea katika vitabu vya katuni, na mwaka 2007 mwanaanga Steven Swanson alipanda na DVD za tamthilia na za filamu hadi kituo cha kimataifa cha anga.

Na kuna tawi moja la kisa hiki linalofika kwetu. Tangu mwaka 2006 mashabiki wamekuwa wakikodi kumbi katika miji mbalimbali, wanaonyesha Serenity, na makusanyo wanayatoa sadaka, hasa kwa Equality Now, shirika la haki za wanawake na wasichana ambalo lina ofisi Nairobi na limepambana kwa miaka mingi na ukeketaji. Filamu ambayo daftari lilisema imeshindwa inaendelea kukusanya fedha. Wale laki tano walikuwa wachache wa kulipia filamu ya milioni 39. Hawakuwa wachache wa kukodi ukumbi, kila mwaka, mji baada ya mji.

Kwa hiyo aliye na tamthilia iliyokatwa ndani ya droo, afanye hivi kabla hajamtafuta mfadhili. Andika kurasa kumi za kwanza za filamu yake. Mpe mtu ambaye hajawahi kuiona tamthilia, asome mbele yako, wewe ukae kimya, na kila anaposimama kuuliza uweke alama. Kisha wape mashabiki wako wawili kurasa zile zile, na kila wanaporuka mistari kwa sababu wanaijua, weka alama ya rangi nyingine. Alama zikiwa nyingi za rangi ya kwanza, umemsahau mgeni. Zikiwa nyingi za rangi ya pili, unamchosha mwenyeji. Zikikaribiana kwa uchache, tafuta mfadhili. Na hesabu wenyeji wako kwa kichwa, uwazidishe kwa bei ya tiketi, uone bajeti gani wanaweza kuibeba wenyewe bila mgeni hata mmoja. Hiyo ndiyo bajeti salama.

Nimeulizwa asubuhi nje ya mlango: unaandikaje mwisho wakati hujui kama utaruhusiwa kuendelea? Nijibu kwa sini ya mwisho. Siri ya Miranda imetangazwa kwa kila mtu. Waliokufa wamezikwa. Chombo kimekarabatiwa, mvua inanyesha, Mal amekaa mahali pa rubani na River kando yake. Hakuna swali lililobaki wazi ambalo litamnyima mtazamaji usingizi. Chombo kinapaa, kinatoka kwenye mawingu, kinakwenda zake. Na hapo, mkumbuke filamu ilianza na bamba kung'oka, bamba jingine linang'oka, linaruka moja kwa moja kuelekea kwenye kamera, na tunamsikia nahodha akiuliza ile ni nini.